Kupima amitriptilini kwenye damu: lini kuna maana, na kifua kikuu kinaingiaje hapo

Swali

Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume, miaka 34, ana sonona. Alianzishiwa amitriptilini, akapandishwa polepole mpaka miligramu 100, anameza saa tatu usiku. Wiki za mwanzo mdomo ulimkauka sana na asubuhi alikuwa mzito kama mtu aliyekesha, lakini baadaye akaanza kula, akarudi dukani kwake. Kisha akapatikana na kifua kikuu, sasa ana miezi miwili na nusu kwenye dawa za TB. Yale maudhi ya amitriptilini yote yameisha, tukajua mwili umezoea. Lakini ameanza tena kuamka saa tisa usiku, hasemi na mtu, duka limefungwa. Daktari wa kliniki ya akili anataka kumpandisha hadi 150. Binamu yetu muuguzi aliyeko Ujerumani anasema kule hakuna kupandisha dawa bila kupima kiwango chake kwenye damu, tena kila mgonjwa anapimwa kila mwezi. Maabara moja hapa mjini imetuambia inaweza kuchukua sampuli na kuipeleka nje, majibu baada ya wiki mbili au tatu, na bei yake inatuumiza. Je, tupime? Na siku ya kupima aende na njaa?
Dada wa mgonjwa, Morogoro

Jibu

Marahaba, dada, na pole kwa kuuguza.

Pimeni, mara moja, na mpime kabla dozi haijapandishwa. Sisemi hivi kwa kila anayeniuliza. Wengi nawaambia wabaki na hela zao. Ungenieleza habari ya sonona peke yake huenda hata wewe ningekujibu hivyo. Kilichonigeuza ni zile dawa za kifua kikuu, pamoja na sentensi uliyoipitia haraka, kwamba maudhi yote yameisha.

Nianze na binamu. Ana ukweli, ila ametia chumvi. Wataalamu wa nchi zinazozungumza Kijerumani wana kikundi kinachoitwa AGNP, ambacho mwaka 2004 kilitoa mwongozo wa kupima viwango vya dawa za akili kwenye damu, kikauhuisha 2011 na tena 2017. Dawa wamezipanga madaraja manne kulingana na faida ya kuzipima. Amitriptilini na ndugu zake, yaani nortriptilini, imipramini na klomipramini, ziko daraja la kwanza, ambalo kupima kunasisitizwa sana. Hapo binamu yuko sawa. Hiyo ya kila mgonjwa kila mwezi ndiyo chumvi. Mwongozo unataka kipimo kiwe na sababu: mgonjwa hapati nafuu kwa dozi inayoeleweka, au anapata madhara makubwa kwa dozi ndogo, au kuna shaka kama anameza, au ameongezewa dawa nyingine inayoingiliana na ya kwanza. Mdogo wako ana sababu mbili kati ya hizo, pengine tatu.

Kwa nini familia hii ya dawa na si nyingine? Ilianzia Uswisi, katika hospitali ya Münsterlingen, ambako Roland Kuhn aliona imipramini ikiwainua wagonjwa wa sonona, akachapisha habari hiyo mwaka 1957. Miaka kumi baadaye Hammer na Sjöqvist, huko Uswidi, waliwapima damu watu waliokuwa wakipewa dozi zinazofanana, wakakuta tofauti ya hadi mara 30 hivi. Vidonge vilevile, saa ileile, mmoja ana kikombe na mwingine ana ndoo. Kisha mwaka 1971 Marie Åsberg na wenzake, hukohuko Uswidi, wakaonyesha jambo ambalo hadi leo wanafunzi wangu wanalipokea kwa mashaka: kwa nortriptilini, waliokuwa na dawa kidogo mno kwenye damu hawakupona vizuri, na waliokuwa na nyingi mno nao hawakupona vizuri. Walionufaika walikuwa katikati. Kwa hiyo mgonjwa asipopata nafuu, kuongeza dozi kunaweza kumsogeza kwenye nafuu au kumpitiliza, na kwa kumtazama usoni hutajua ni kipi.

Chanzo cha tofauti hiyo ni ini. Ini lina vimeng'enya vinavyovunja dawa, nami nitaviita vibarua, maana kazi yao ni kushusha mzigo. Kibarua mmoja, CYP2C19, anaigeuza amitriptilini kuwa nortriptilini, ambayo nayo ni dawa kamili ya sonona. Mwingine, CYP2D6, anaiondoa hiyo nortriptilini. Ndiyo maana maabara hupima zote mbili na kuzijumlisha. Jumla inayolengwa ni nanogramu 80 hadi 200 kwa mililita moja ya damu. Ikivuka 300 daktari anatakiwa kushtuka. Watu huzaliwa na vibarua wa kasi tofauti. Utafiti uliochapishwa 1996 ulikuta asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wana nakala za ziada za jeni la CYP2D6, maana yake wanaziteketeza dawa hizi upesi kupindukia. Kwa Watanzania watafiti wameeleza aina mbili za jeni hilohilo, *17 na *29, za kawaida kwetu na adimu Ulaya, na hizo hupunguza kasi badala ya kuiongeza. Dozi zilizoandikwa vitabuni zilitokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa Ulaya na Marekani, jambo ambalo mimi hulikumbuka kila ninapoandika cheti.

Angekuwa anatumia fluoksetini, dawa ya sonona ya kundi jingine, nisingekuhimiza hivi. Kwa dawa za kundi hilo dozi ya kawaida tayari inashika sehemu kubwa ya milango ya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, karibu asilimia 80, na namba ya kwenye damu haifuatani vizuri na nafuu. Huko hupimwa zaidi kama kuna shaka ya kutomeza au mwingiliano wa dawa. Kwa mzee anayetumia fluoksetini ningetamani zaidi kuona kiwango cha chumvi ya sodiamu kwenye damu yake kuliko kiwango cha dawa yenyewe.

Sasa kifua kikuu. Katika vidonge vile anavyomeza asubuhi kuna rifampisini, ile inayougeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Rifampisini inaliamuru ini liajiri vibarua wapya, wengi, na vibarua hao hawachagui mzigo wa kushusha. Wanavunja chochote kinachopita njia yao. Wahudumu wetu wanalijua hili kwa vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo hushindwa kazi kwa mwanamke aliye kwenye dawa za TB, na wanalijua kwa baadhi ya ARV. Kwa dawa za akili tunasahau, nadhani kwa sababu kliniki ya TB iko jengo moja na ya akili iko jengo jingine, kila moja na kadi yake, na mgonjwa ndiye mjumbe pekee kati yao. Mjumbe huyo ana sonona na anakohoa.

Ajira hiyo haiji siku moja. Huchukua kama wiki moja hadi mbili tangu kidonge cha kwanza cha rifampisini, ikabaki hivyo muda wote wa tiba. Ipange barua yako upya kwa kalenda hiyo. Amitriptilini ilimfanyia kazi: mdomo mkavu, uzito wa asubuhi, kisha hamu ya kula na duka kufunguliwa. TB ikaja, rifampisini ikaanza. Mdomo ukarudi kuwa na mate, uzito ukaisha, na baada ya muda saa tisa ya usiku ikarudi pia. Kuzoea dawa kupo, sikatai, hasa ule usingizi. Lakini mwili unaozoea maudhi kwa kawaida hubaki na faida ya dawa. Maudhi na faida vikiondoka pamoja, mimi huwaza kwanza kwamba dawa yenyewe imepungua kwenye damu. Ni dhana tu, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka kipimo.

Zipo dhana nyingine mbili ambazo hamtakiwi kuziruka. Ya kwanza ni kwamba hamezi. Sisemi anadanganya. Mtu aliyeongezewa rundo la vidonge vya asubuhi mara nyingi huona vile vinne vya usiku, vya miligramu 25 kila kimoja, ndivyo vya kupunguza, hasa akiwa amejisikia nafuu. Niliwahi kuwa na mgonjwa, mama mtu mzima, ambaye dozi yake tuliipandisha mara tatu bila mafanikio, mpaka binti yake akatuambia vidonge vinagawanywa kwa jirani mwenye maumivu ya mgongo na kwa shemeji asiyepata usingizi. Amitriptilini inapendwa mtaani kwa kazi hizo. Muulize mdogo wako kwa upole, na swali liwe la kumwachia nafasi: "Katika wiki hii, ni siku ngapi vidonge vya usiku vilikushinda?" Ukimuuliza kama anameza, atakujibu anameza.

Dhana ya pili ni TB yenyewe. Inakondesha, inachosha, inaondoa hamu ya chakula, inamkatisha mtu usingizi kwa jasho. Nusu ya dalili za sonona zinaweza kutoka huko. Ila TB haimfanyi mtu aache kusema na nduguze. Mwombeni daktari amjaze tena yale maswali tisa ya kupima ukali wa sonona, yaitwayo PHQ-9, ambayo yanatumika kwa Kiswahili, na alinganishe alama na zile za mwanzo. Kipimo hicho hakina gharama, na majibu ya damu yakija bila hicho yatakuwa nusu ya habari.

Mkiamua kupima, pimeni sawasawa, maana nimeona hela nyingi zikipotea kwenye sampuli iliyochukuliwa ovyo. Awe amekaa kwenye dozi ileile, 100, kwa angalau wiki mbili bila kuruka usiku hata mmoja. Kwa kuwa anameza saa tatu usiku, damu ichukuliwe saa tatu asubuhi, au baadaye kidogo lakini isipite saa saba mchana. Ikichukuliwa mapema mno, mtaikuta dawa ikiwa bado inapanda na namba itawadanganya kuwa iko juu. Msiruhusu itumike chupa yenye jeli ndani, ambayo mara nyingi ndiyo ya kifuniko cha njano. Jeli ile hunyonya dawa za kundi hili na kushusha majibu, na kwenu ambako tunashuku kiwango kiko chini hilo lingeleta vurugu. Kwenye fomu yaandikwe dozi, saa aliyomeza mara ya mwisho, saa damu ilipotoka, na dawa zote anazotumia, za TB kwanza. Waulizeni pia wanatumia njia gani. Mnachotaka ni kromatografia, inayotoa namba ya amitriptilini na ya nortriptilini kila moja peke yake. Kile kipimo cha haraka cha kutafuta sumu hakifai kwa kazi hii: hakitenganishi, na kinaweza kudanganywa na karbamazepini, klopromazini na hata baadhi ya dawa za mzio.

Msimtangazie tarehe ya kupima wiki nzima kabla, kisha mkamsimamia siku tatu za mwisho tu. Anayemeza siku tatu kwa ajili ya maabara hutoa namba nzuri isiyohusiana na maisha yake. Msimamieni wiki zote mbili, au msimsimamie kabisa, na mumwambie daktari mlifanya lipi.

Majibu yakija tazameni kipimio kabla ya namba. Nanogramu kwa mililita na mikrogramu kwa lita ni kitu kimoja. Lakini maabara nyingine huandika nanomoli kwa lita, na hapo namba hukua karibu mara nne. Mkisoma 250 mkadhani yuko juu ya 200, kumbe ni nanomoli, mgonjwa yuko chini ya 70 kwa hesabu ya nanogramu. Yaani yuko chini, na nyinyi mnajiandaa kumpunguzia.

Jumla ikiwa chini ya 80 na ana uhakika alimeza, rifampisini ndiyo mshukiwa mkuu, na daktari wenu ana haki ya kupandisha dozi. Sio kwamba alikosea alipotaja 150. Nadhani angefika palepale, ila sasa atafika akijua sababu. Afanyiwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kabla ya kupanda, kwa sababu dawa hii ikizidi hupunguza kasi ya umeme ndani ya moyo. Jumla ikiwa kati ya 80 na 200 huku hali ni mbaya, kuongeza vidonge hakuna msingi; wakati wa kufikiria dawa nyingine au tiba ya mazungumzo, au kuitazama upya sonona yenyewe, umefika. Ikizidi 200, ambayo kwa mtu aliye kwenye rifampisini ingenishangaza, msipandishe chochote mpaka ieleweke imetoka wapi.

Madaktari wengine watapendelea kumhamishia fluoksetini moja kwa moja. Ni hoja ya maana, kwa vile kibarua mkuu wa fluoksetini ni CYP2D6, ambaye rifampisini haimgusi sana. Lakini fluoksetini yenyewe humfunga mikono huyo CYP2D6, hivyo amitriptilini iliyobaki mwilini hupanda. Kuhama kufanywe kwa ratiba ya daktari, na mabaki ya kopo la zamani yasichanganywe na jipya.

Lipo jambo moja ambalo hamruhusiwi hata kulijaribu, nalo ni kuruka au kuacha dawa za TB ili amitriptilini ifanye kazi. Nimewahi kuona familia ikifanya hivyo kwa nia njema. TB inayorudi ikiwa sugu ni msiba mwingine kabisa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikujibu kwa urefu. Hatari kubwa ya mdogo wako haiko mwezi huu. Tiba ya kawaida ya TB ni miezi sita na rifampisini inamezwa yote sita. Kwa hesabu yako bado mitatu na nusu. Tuseme anapandishwa hadi 150, anapata nafuu, duka linafunguliwa, kila mtu anamshukuru Mungu. Siku ya mwisho ya dawa za TB inafika, kliniki ile inamwandikia amepona, inafunga kadi. Vibarua wa rifampisini wanaanza kuondoka, na ndani ya wiki mbili hivi wengi wameshakwenda. Mzigo wa vidonge sita kila usiku bado unashushwa palepale, wabebaji wamebaki wale wa zamani. Kiwango kinapanda bila mtu kubadilisha kidonge hata kimoja. Wapo wagonjwa walioandikwa katika majarida ya tiba waliotulia vizuri kwa dozi kubwa wakiwa kwenye rifampisini, wakaja kulewa dawa wiki chache baada ya kuiacha. Nyumbani itaonekana kama ugonjwa mpya: anasinzia mchana, mkojo hautoki, macho yana ukungu, moyo unakwenda mbio, anaongea asichokielewa. Akifikia kuchanganyikiwa, kuzimia au degedege, ni hospitali saa hiyohiyo, na mseme neno amitriptilini mlangoni.

Kwa hiyo ombeni ratiba ya kushuka siku ileile mtakayopewa ratiba ya kupanda. Kama angekuwa mgonjwa wangu, ningeanza kumshusha ndani ya wiki ya kwanza baada ya kidonge cha mwisho cha rifampisini, awe amerudi kwenye 100 kufikia mwisho wa wiki ya pili, na ECG baada ya wiki tatu hivi. Kama mna hela ya kipimo kimoja tu cha damu na dalili za sasa ziko wazi kama ulivyoandika, kuna hoja ya kukiweka kwa ajili ya wakati huo badala ya sasa. Mimi bado ningekitumia sasa, kwa sababu kinatenganisha rifampisini na kutomeza, lakini daktari anayemwona kwa macho anaweza kuamua vinginevyo na nisingebishana naye. Tarehe ya kumaliza TB iandikwe kwenye kadi ya akili kwa wino, na kwenye kadi ya TB liandikwe jina la amitriptilini na dozi yake. Fanya wewe, usisubiri kuandikiwa.

Mengine mafupi. Akiumwa malaria katika kipindi hiki, asinunue dawa mseto dukani. Maelezo ya watengenezaji wa mchanganyiko wa atemetha na lumefantrini yanaitaja amitriptilini kwa jina, na rifampisini nayo huidhoofisha dawa hiyo ya malaria. Akigeuka macho kuwa ya njano, arudi kliniki ya TB siku hiyo; ini likiumia hesabu zote nilizokupa zinavurugika. Kama yuko pia kwenye ARV, mtaje ni zipi, maana nyingine hupandisha amitriptilini na nyingine huishusha.

Vidonge vya usiku vitunze wewe, mahali unapopafungua wewe peke yako, umpe vya usiku mmoja mmoja. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo ni sumu ya moyo, na mtu anayeamka saa tisa na kukaa kimya gizani hatakiwi kuwa na kopo zima karibu. Muulize wazi kama amewaza kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, usisubiri tarehe ya kliniki wala majibu ya maabara.

Na swali lako la mwisho: hapana, hahitaji kwenda na njaa. Anywe chai, ale mkate, ameze dawa zake za TB kama kawaida. Asichotakiwa kumeza kabla ya sindano ni amitriptilini tu, nayo zamu yake ni usiku.